Mwili unavyojizimia maumivu, na kwa nini ukimya wake si dalili ya uzima

Ajali za bodaboda hapa Kaptembwo, mtaa wa magharibi mwa jiji la Nakuru ambako riziki imenileta mimi Mpwani, zina jambo moja linalojirudia. Kijana huanguka, akainuka, akajipangusa vumbi na kusema, "Niko sawa, sisikii kitu." Wenzake wa steji humsifu kuwa ni mgumu. Pikipiki huinuliwa, abiria akatafutiwa nyingine, na watu wakatawanyika. Saa moja au mbili baadaye ndipo mguu huanza kufura, au mbavu zikamkataza kuvuta pumzi, na ikabidi abebwe kwenda hospitali usiku.

Kule kwetu Pwani kuna hali nyingine ambayo ni kinyume cha hii. Kijana aliyekuwa akitumia unga ameukosa kwa siku mbili. Anagaagaa mkekani, jasho linamtoka, analia kwamba mifupa yote inamuuma. Ukimtazama hana jeraha hata moja. Majirani wanasema anajifanya, na wengine wanaona dawa yake ni bakora.

Mmoja ameumia na hasikii. Mwingine hakuumia na anasikia. Ndugu msomaji, hawa wawili hawasemi uongo. Kinachowatofautisha ni mfumo mmoja ambao Mwenyezi Mungu ameuweka ndani ya kila mmoja wetu, mfumo wa kupunguza maumivu. Kwa huyu wa kwanza umefanya kazi kwa nguvu zote, na kwa huyu wa pili umelala. Tukiuelewa tutaokoa watu, na pia tutapunguza kuhukumu wagonjwa kwa kuwaangalia tu.

Jeraha na maumivu ni vitu viwili

Wengi wetu tumezoea kufikiri kwamba maumivu yako pale pale penye jeraha. Ukijikata kidole, maumivu yako kidoleni. Lakini kidole hakijui maumivu. Kilicho kidoleni ni ncha za mishipa ya fahamu zinazogundua kwamba nyama imekatwa, imechomwa au imebanwa, kisha zikatuma habari. Habari hiyo inapanda mkono, inaingia uti wa mgongo, halafu inapanda hadi kwenye ubongo. Ubongo ukishaipima ndipo unaamua kama utaifanya maumivu, na makali ya kiasi gani.

Habari hii husafiri katika njia mbili. Ipo mishipa myembamba yenye kasi kiasi, na ipo mingine myembamba zaidi inayokwenda polepole sana, kama mita moja kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kidole cha mguu unasikia kwanza mchomo mkali, halafu baada ya muda mfupi yanakuja yale maumivu mazito ya kuvuta. Ni habari ya tukio moja iliyofika kwa magari mawili.

Katika safari hiyo yote kuna vituo ambapo habari inaweza kupunguzwa makali au hata kuzuiwa kabisa. Kituo cha kwanza kiko kwenye uti wa mgongo.

Lango la uti wa mgongo

Mwaka 1965 wataalamu wawili, Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza, walitoa wazo lililobadilisha elimu ya maumivu. Walisema kwenye uti wa mgongo kuna kitu kama lango. Mishipa myembamba inayobeba habari za maumivu inajaribu kulifungua. Lakini ipo mishipa minene inayobeba habari za mguso, na hiyo inakwenda kwa kasi zaidi ya mita 30 kwa sekunde. Mishipa ya mguso ikiwa na kazi nyingi, husaidia kulifunga lango, na habari za maumivu zinazopita huwa chache.

Mama zetu walilijua jambo hili kwa vitendo kabla ya wataalamu kuliandika. Mtoto akijigonga kichwa mlangoni, mama humvuta, akamsugua pale pale huku akimwambia "pole, pole". Kule kusugua kunaamsha mishipa ya mguso. Kuchua misuli na kumkanda mzazi kwa maji ya moto kunafaidika na lango hilo hilo. Baadhi ya mambo katika nadharia ya 1965 yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini msingi wake umesimama: uti wa mgongo si bomba la kupitisha habari tu, ni mahali zinapochujwa.

Amri inayoshuka kutoka juu

Kituo cha pili ndicho kikubwa. Ubongo wenyewe una uwezo wa kutuma amri kushuka chini hadi kwenye lile lango na kuliamuru lifunge. Katikati ya shina la ubongo, kuzunguka mfereji mdogo wa maji, kuna tabaka la rangi ya kijivu. Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, David Reynolds, alipitisha umeme kidogo katika eneo hilo kwenye ubongo wa panya, kisha akawapasua tumbo bila dawa ya usingizi. Panya walikuwa macho na hawakuonyesha dalili za kuumia.

Eneo hilo linapokea habari kutoka sehemu za ubongo zinazohusika na hofu, matumaini, kumbukumbu na mahali akili ilipoelekezwa. Kutoka hapo amri inateremka kwenye sehemu ya chini ya shina la ubongo, kisha kwenye uti wa mgongo, ambako kemikali kama serotonini na noradrenalini humwagwa na kuzuia habari za maumivu zisipande. Kwa hiyo hali ya moyo wako na unachokifikiria vinaweza kupunguza maumivu kwa njia ya mwili kabisa, kwa mishipa na kemikali.

Watu wa Pwani wanalijua jina la David Livingstone kwa sababu ya Bagamoyo. Baada ya kufariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake wakiongozwa na Abdulla Susi na James Chuma walibeba maiti yake hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874, ikavushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza. Kule London madaktari waliitambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliokuwa umevunjika zamani na haukuunga vizuri. Mfupa ule ulivunjwa na simba mwaka 1844 huko Mabotsa, Afrika Kusini. Livingstone aliandika baadaye kwamba simba alipomkamata bega na kumtikisa, alipatwa na hali kama ya ndoto. Alijua kila kinachotendeka, lakini hakusikia maumivu wala hofu. Kwa elimu ya leo tunasema ile amri ya kushuka ilikuwa imefunga lango.

Karne moja baadaye, katika Vita vya Pili vya Dunia, daktari wa Marekani Henry Beecher alihudumia askari waliojeruhiwa vibaya huko Italia. Alipowauliza kama wanataka dawa ya maumivu, karibu robo tatu yao walisema hawahitaji. Baadaye aliwalinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, na kukuta kwamba wengi wa raia hao waliitaka dawa hiyo. Maelezo yake yalikuwa kwamba kwa askari, jeraha lilimaanisha ametoka vitani akiwa hai na anarudi nyumbani. Kwa raia, upasuaji ulimaanisha balaa limeingia maishani. Maana ya jeraha ilibadilisha maumivu yake.

Sisi Waislamu tunao mfano katika Sura Yusuf, wa wanawake wa mjini waliopewa visu, na walipomwona Nabii Yusuf wakajikata mikono kwa kuduwaa. Wanahistoria wa Kiislamu pia wanasimulia habari za Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, aliyekatwa mguu uliooza na akakataa kunyweshwa kitu cha kumlevya, akajishughulisha na kumtaja Mola wake. Anayesoma leo habari za shina la ubongo hatashangaa kwamba akili iliyozama mahali pengine inaweza kuuacha mguu.

Nchi hii ya Bonde la Ufa ina mfano wake pia. Mwaka 2015 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin huku soli za ndani za viatu vyake zikiwa zimechomoza nje na kupigapiga kisigino. Miguu ilichubuka na kutoka damu. Alimaliza wa kwanza kwa saa 2 na dakika 4. Mazoezi marefu huamsha kemikali za kutuliza, na akili iliyoelekezwa kwenye utepe wa mwisho huongeza nguvu zake.

Kwa nini tukaumbwa hivi? Fikiria swala aliyekwaruzwa na simba. Akisimama kuulamba mguu, ameliwa. Inamfaa akimbie kwanza, na maumivu yamrudie akishafika salama, ili sasa apumzike na mguu upone. Maumivu yana kazi mbili, kukuonya usiumie na kukulazimisha utulie ukishaumia. Kati ya hizo mbili kuna muda wa kujiokoa, na muda huo ndio unaofunikwa na mfumo huu. Unaweza kuwa dakika chache, na wakati mwingine ni saa kadhaa.

Mofini iliyo ndani yetu

Binadamu wametumia afyuni kutuliza maumivu kwa maelfu ya miaka. Swali lililobaki ni hili: kwa nini utomvu wa ua la shambani ufanye kazi kwenye ubongo wa mtu? Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walithibitisha kwamba seli za ubongo zina sehemu maalumu ambazo mofini hushika, mfano wa kufuli na ufunguo. Ikawa wazi kwamba Muumba hakuweka kufuli hizo kwa ajili ya afyuni. Lazima mwili uwe na funguo zake wenyewe.

Funguo hizo zilipatikana mwaka 1975 na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen, Uskoti, ambao walizichuja kutoka kwenye bongo za nguruwe. Waliziita enkefalini, jina la Kigiriki lenye maana ya kilicho kichwani. Muda si mrefu zikapatikana nyingine kubwa zaidi, zikaitwa endofini, yaani mofini itokayo ndani. Hizi ndizo zinazolitumikisha lile eneo la kijivu na kulifunga lango la uti wa mgongo. Mwili unazimwaga wakati wa hatari, wakati wa mazoezi makali na wakati wa uzazi.

Ipo dawa inayoitwa naloksoni. Kazi yake ni kuingia kwenye kufuli zile bila kuzifungua, ili ufunguo mwingine usipite. Dawa hii imewasaidia watafiti kujua lini mwili unatumia mofini yake. Mwaka 1978, huko San Francisco, Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walichunguza watu waliong'olewa magego. Baadhi ya waliopewa kitu kisicho dawa, huku wakiamini huenda ni dawa, walipata nafuu. Walipopewa naloksoni, nafuu ile ikapungua. Maana yake ni kwamba imani ya mgonjwa ilikuwa imefungua ghala la mofini mwilini mwake. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba "ni mawazo tu" ni kumkosea.

Utafiti mwingine umeonyesha kwamba mgonjwa anayedungwa sindano ya kutuliza maumivu huku muuguzi akimweleza anachompa, hupata nafuu zaidi kuliko anayepewa dawa ile ile kwa mpira bila kujua. Mlango huu unafunguka pande zote mbili. Hofu, vitisho na kukemewa huongeza maumivu, kwa kuwa ubongo unaweza pia kutuma amri ya kulifungua lango zaidi. Mama anayejifungua akifokewa, kufokewa kule kunaingia katika mishipa yake. Mkono wa kushikwa na neno zuri ni sehemu ya tiba, na ni tiba isiyo na gharama.

Asiyesikia kabisa

Kuna watu huzaliwa bila kusikia maumivu. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za familia za kaskazini mwa Pakistan zenye hali hii. Mtoto mmoja alijulikana mitaani kwa kujichoma visu mikononi na kutembea juu ya makaa ili apate pesa. Alifariki kabla ya kufikisha miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Kasoro yao iko kwenye mlango mdogo wa sodiamu katika mishipa inayobeba habari za maumivu. Mwaka 2015 mwanamke mmoja aliyezaliwa na hali hiyo alipewa naloksoni, na kwa mara ya kwanza maishani akasikia maumivu. Ilibainika kwamba mwili wake ulikuwa ukitengeneza enkefalini nyingi kupita kiasi.

Mlango huo huo una hadithi yake hapa Kenya. Katika nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, hata kando ya barabara yetu ya Mombasa pale Mtito Andei, anaishi fuko asiye na manyoya. Mnyama huyu hukaa kwa makundi makubwa katika mashimo yenye hewa chafu, hewa ambayo kwa kawaida ingeuchoma mwili kama tindikali. Watafiti wamekuta kwamba ukimpaka tindikali au utomvu wa pilipili ngozini, hajali. Kwake, mlango ule wa sodiamu una umbile tofauti kidogo, na tindikali inaufunga badala ya kuamsha maumivu. Kwa fuko ni neema, kwa sababu amezaliwa katika shimo lile. Kwa mtoto anayeishi kati ya visu, jiko na ghorofa, kutosikia ni hatari.

Unga na ufunguo wa bandia

Sasa turudi kwa yule kijana wa Pwani. Heroini ni ufunguo wa bandia. Inaingia kwenye kufuli zile zile za endofini, kwa wingi ambao mwili wenyewe haujawahi kuutoa. Kwa kuwa kufuli zinafunguliwa kila siku kwa nguvu, seli zinajilinda kwa kupunguza usikivu wao. Mtumiaji anahitaji kipimo kikubwa zaidi ili apate kile kile. Wakati huohuo endofini zake mwenyewe, ambazo ni kidogo na za upole, hazitoshi tena kuzifungua kufuli zilizozoea kishindo.

Unga ukikatika, breki ya maumivu haipo. Kila habari ndogo kutoka kwenye misuli, matumbo na mifupa inapita bila kuchujwa. Sehemu nyingine za shina la ubongo ambazo unga ulikuwa umezilaza zinaamka kwa fujo, ndiyo maana ya jasho, vipele vya baridi, kuhara na kukosa usingizi. Hiyo ndiyo arosto. Hana jeraha, lakini maumivu yake ni ya kweli kama ya aliyevunjika mguu. Kumpiga ni kumwongezea maumivu mtu ambaye mwili wake hauwezi kuyapunguza.

Matibabu yapo. Methadoni nayo ni ufunguo wa kufuli hizo, lakini inaingia polepole na kukaa muda mrefu, kwa hiyo mgonjwa hapati kishindo wala arosto, na anaweza kufanya kazi na kulea familia. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011, na Kenya mwishoni mwa 2014. Kwetu Pwani kuna kliniki zake, zikiwemo za Malindi na Kisauni. Mwenye kijana nyumbani amfikishe huko badala ya kumfungia chumbani.

Nataka kulitilia mkazo jambo moja, kwa sababu linaua. Kufuli hizi ziko pia kwenye sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Aliyekaa jela au aliyeacha kwa wiki kadhaa, seli zake zimerudi kwenye usikivu wa zamani. Akirudi mtaani na kutumia kipimo chake cha mwanzo, pumzi inaweza kusimama. Ukimkuta mtu ametumia, haamki, midomo imebadilika rangi na anapumua kwa kukata, hiyo ni dharura. Mfikishe hospitali mara moja, kwani naloksoni niliyoitaja hapo juu inaweza kumrudisha ndani ya dakika chache.

Na tusidhani hili ni la mateja peke yao. Vidonge vikali vya maumivu kama tramadoli hushika kufuli hizo hizo. Vikitumiwa bila usimamizi wa daktari, safari ni ileile kwa mwendo wa polepole.

Ukimya wa kisukari

Kuna kutosikia kwa aina nyingine ambako watu hukuchanganya na huku kwa kawaida. Kwa mwenye kisukari cha muda mrefu, sukari nyingi damuni huharibu mishipa ya fahamu, na ile ya miguuni huanza mapema. Hapa hakuna amri kutoka ubongoni wala endofini. Waya wenyewe umeoza na habari haitumwi. Mtu anakanyaga msumari, anatembea nao siku nzima. Anakoga maji ya moto, ngozi inababuka bila kujua. Mgonjwa hufika hospitali mguu umeshaoza, na akiulizwa husema haukuwa ukimuuma. Hata moyo unaweza kupata shambulio bila yale maumivu makali ya kifua, akasikia uchovu, jasho na pumzi fupi tu.

Katika sherehe zetu hatuachi haluwa, wala asubuhi hatuachi mahamri, na wenye kisukari ni wengi miongoni mwetu. Lakini pia tuna nafasi ambayo wengine hawana. Mwenye kuswali huosha miguu mara kadhaa kwa siku. Anayetia udhu akiwa na kisukari asiimwagie maji miguu akapita. Aitazame, afungue kati ya vidole, aangalie nyayo, na kama macho hayaoni vizuri amwombe mtu wa nyumbani amwangalilie. Akimaliza aikaushe vizuri, kwani unyevu kati ya vidole huzalisha fangasi na michubuko. Maji yakiwa ya moto ayapime kwa kiwiko, asiyapime kwa mguu.

Tufanye nini

Kwa ajali, neno "sisikii kitu" lisichukuliwe kuwa ni matokeo ya uchunguzi. Aliyeanguka kwa kishindo, hata akisimama, akae chini na asipande tena pikipiki. Atazamwe kama kuna damu, kufura au kiungo kilichopinda. Kama ameangukia shingo au mgongo, asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kukunjwa ndani ya tuktuk. Alazwe sawa, asogezwe na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja. Katika saa 24 zinazofuata awe na mtu wa kumwangalia. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kusiko kwa kawaida, tumbo likikaza au mkojo ukiwa na damu, arudishwe hospitali bila kungoja asubuhi.

Kwa mgonjwa anayelalamika na hatuoni kidonda, tumsadiki kwanza. Wahenga wa Pwani wamesema adhabu ya kaburi aijua maiti. Watoto wengi katika maeneo kama Kilifi wana ugonjwa wa selimundu, na maumivu yake hushika kwenye mifupa bila alama yoyote ya nje. Wanaonekana wadekaji, nao wanaumia kweli.

Kwa anayeishi na maumivu ya muda mrefu ya mgongo au viungo, ajue kwamba breki yake inaweza kuimarishwa. Usingizi wa kutosha huipa nguvu na kukesha huidhoofisha. Kutembea kila siku kwa kiasi anachoweza huiamsha. Kukaa peke yake na wasiwasi humzidishia, na kukaa na watu humpunguzia. Haya hayaondoi haja ya daktari kutafuta chanzo, lakini yanapunguza haja ya kuongeza vidonge kila mwezi.

Na kwa ndugu zangu wa bodaboda, wa Kaptembwo, wa Likoni na wa Kisauni, mkiona mwenzenu ameanguka akacheka na kusema yuko sawa, mzuieni hapo hapo angalau nusu saa. Mpeni kivuli, mchukueni ufunguo wa pikipiki, na mmoja wenu aandamane naye hadi zahanati.